Nilipotafsiri Kiborana kwa Kiborana

Ninyi vijana wa kortini mmeniomba niwaachie orodha ya maneno ya sheria ya Kiingereza pamoja na maana zake, ili mkikwama mbele ya hakimu muichungulie kwa siri kama watoto kwenye mtihani. Orodha sina. Sikuwahi kuwa nayo, na wenye nazo niliwaona wakikwama vilevile. Nimestaafu juzi tu. Alfajiri mwili bado unaamka ukidhani unakwenda kazini, na mke wangu amechoka na mume anayerudia kila asemalo kwa lugha nyingine. Kwa hiyo nina nafasi, na badala ya orodha nitawasimulia nilivyojifunza. Habari za vyeo na mshahara nitaziacha. Vyote vilikuwa vidogo, na mnajua wenyewe.

Sikuanzia kortini. Nilianzia mnadani, katika soko la mifugo la hapa Isiolo, ambako nilisimama juu ya boriti za zizi nikipaza sauti kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru na Kiswahili, maana muuzaji na mnunuzi mara nyingi walielewana jambo moja tu, nalo ni meno ya ng'ombe. Mama yangu ni Mborana wa Kinna, baba alikuwa mfanyabiashara aliyenunua ngozi kila mahali, nami nikakulia mtaa wa Chechelesi nikicheza na watoto wa kila kabila. Sikujua kwamba hiyo ni elimu. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, karani wa korti alikuja mnadani kununua mbuzi wa sikukuu, akanisikia, akasema sauti yangu inaharibika bure kwenye vumbi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimevaa shati jeupe na viatu vinavyonibana.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho. Korti yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati, na kufika saa nne mabati yalianza kulia kwa joto hata hakimu akawa anakatiza maneno yake. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa mzee Mturkana aliyedaiwa kuvunja bomba la maji la serikali ili mbuzi wake wanywe. Shahidi mkuu alikuwa amehamishwa kikazi na hakuna aliyejua yuko wapi. Hakimu akatazama faili, akasema kesi inaahirishwa "sine die". Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza. Kilatini hakuna aliyenitajia. Nyuma yangu mkalimani mkuu, Mzee Ekiru, akaninong'oneza, "Bila kutaja siku." Nikamwambia mshtakiwa hivyo kwa Kiturkana.

"Siku gani?" akauliza.

"Siku haijatajwa."

"Basi nikailalie wapi nikiingoja?"

Hakimu akataka kujua amesema nini. Nikatafsiri kama ilivyo. Hakimu akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Yule mzee alikuja kortini kila siku ya mnada kuuliza kama ile siku isiyotajwa imefika, na akishajibiwa kuwa bado, alikaa kwenye benchi la barazani akanipa habari za mvua na za mbuzi wake mmoja baada ya mwingine. Tulizoeana sana. Alifariki kesi yake ikiwa palepale, na nilihuzunika kwa mshtakiwa yule kuliko nilivyowahi kuhuzunika kwa bosi yeyote.

Mzee Ekiru ndiye aliyenilea kazini. Alikuwa Mturkana mrefu, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, aliyeanza ukalimani tangu enzi za mkoloni, na alikuwa na kamusi ya sheria iliyopoteza jalada na herufi yote ya A. Alisema hajawahi kuikosa. Kipimo chake cha tafsiri njema hakikuwa kamusi bali Mama Nkirote, mama wa Kimeru aliyeuza chai na mandazi nyuma ya korti. Kila neno jipya tulilipeleka kwake wakati wa mapumziko. Mzee Ekiru alilisema kwa Kiswahili chepesi, kisha akangoja. Mama Nkirote akielewa bila kuuliza mara ya pili, neno limepita. Akiuliza, tunarudi nalo tukalishone upya.

"Mama Nkirote," alimwambia siku moja nikiwepo, "kuna neno linaitwa 'alibi'. Ni mshtakiwa kusema kuwa kitendo kilipofanyika yeye alikuwa kwingine."

"Hiyo naijua," akasema Mama Nkirote akimimina chai. "Hiyo ni mzee yangu kila mwisho wa mwezi."

Neno likapita. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba "prima facie case" ni kesi yenye miguu ya kusimama, maana hakimu akishasikia upande wa mashtaka hujiuliza kama kesi imesimama au imelala, na ikiwa imelala hana haja ya kumsumbua mshtakiwa ajitetee. "Mitigation" ni nafasi ya mwisho ya kumlainisha hakimu kabla hajataja adhabu. Lililotusumbua zaidi lilikuwa lile la kuthibitisha kesi "beyond reasonable doubt". Tulilirudisha kwa Mama Nkirote mara nyingi, na kila mara aliuliza shaka gani, ya nani, kiasi gani. Mwishowe Mzee Ekiru akamwambia, "Ni hakimu kumfunga mtu, halafu aende nyumbani alale asijigeuzegeuze kitandani." Mama Nkirote akaweka birika chini. Akasema hiyo sasa ni sheria.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kurani iliyofungwa kwa kitambaa cha kijani, Biblia, gilasi ya maji kwa ajili ya koo, na mahali pa kusimama. Hapo pa mwisho msipadharau. Mzee Ekiru alinifundisha nisimkaribie mshtakiwa akanidhani wakili wake, wala nisimkaribie hakimu mshtakiwa akanidhani askari. Kisha ikaja ile amri yake kubwa: usiongeze, usipunguze, usipambe. Mtu akimtukana hakimu, unatukana. Nilikuwa na umri wa mtu mwenye watoto wakati nilipolazimika kusema, "Mheshimiwa, anasema wewe ni punda," na nilishukuru kwamba mheshimiwa yule alikuwa mtu wa kucheka.

Mzee Ekiru alipostaafu alikwenda Rapsu kulima vitunguu kwenye shamba la umwagiliaji, akaniachia ile kamusi na gilasi. Mara kwa mara alituma gunia la vitunguu kwa gari la Kinna, na pamoja nalo salamu za mdomo kupitia kwa dereva, kila mara zilezile: "Mwambie asipambe." Nilicheka, lakini nilizingojea.

Sasa niwape kesi niliyotaka kuwapa tangu mwanzo.

Ilikuwa baada ya ule ukame mkubwa wa miaka ya themanini. Mmesimuliwa, na sisi tulioupitia hatuwezi kuusahau hata tukitaka: ng'ombe walianguka njiani wakienda kunywa maji, na watu waliokuwa matajiri mwaka mmoja walipanga foleni ya mahindi ya msaada mwaka uliofuata. Asubuhi moja aliletwa kizimbani mjane wa Kiborana aitwaye Kabale, mwanamke mwembamba aliyejitanda shuka lake vizuri kana kwamba amekuja arusini. Alishtakiwa kwa wizi wa mifugo. Mlalamikaji alikuwa Dida, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Ilidaiwa kuwa mchana kweupe aliingia katika boma la Dida, akatoa ng'ombe mmoja na ndama wake, akawaswaga hadi Chechelesi alikokuwa amepanga chumba na mwanawe wa kiume, mtoto wa darasa la pili.

Wizi wa mifugo katika sehemu zetu haukuwa kesi ya kucheka. Kifungo chake kilikuwa cha miaka mingi, na wakati ule mahakimu walikuwa na mikono mizito. Kabale akifungwa, mtoto angerudi kwa Dida, kwa baba yake mkubwa ambaye mwenyewe hakuwa na cha kumlisha, na kufikia siku mama yake atakapotoka angekuwa mwanamume asiyemkumbuka vizuri. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria Kabale hilo. Mtoto alikuwa amekaa benchi la nyuma, na mama yake kila mara alikuwa akimtazama.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa kijana kutoka pwani, mpole, mwenye mwandiko wa polepole. Alitaka maneno ya mshtakiwa yaandikwe kama yalivyotoka, si "ndiyo" au "siyo" peke yake, na kwa hilo nilimpenda. Nikamsomea Kabale mashtaka kwa Kiborana. Kwa kawaida tuliuliza, "Ni kweli au si kweli?" na hapo ndipo watu wengi walipojifungia jela wenyewe. Maana Mborana aliyelelewa vyema hawezi kukana mbele za watu jambo alilolitenda kwa mkono wake, hasa jambo la ng'ombe. Ukisema uwongo kuhusu ng'ombe, mnyama anakauka maziwa na mtoto anadhoofika. Niliuona uso wa Kabale ukijiandaa kusema kweli, na kweli ile ingempeleka moja kwa moja gerezani.

Sikuwa na ruhusa ya kumshauri. Nilichokuwa na ruhusa nacho ni kuuliza swali zima, na Mzee Ekiru alikuwa amenifundisha namna ya kuliuliza lile neno "guilty" ili liwe zima. Tulilipitisha kwa Mama Nkirote miaka mingi nyuma.

"Korti inakuuliza mambo mawili," nikamwambia Kabale. "La kwanza ni mkono wako: ulichukua? La pili ni moyo wako: uliiba?"

Akanitazama sana.

"Mkono wangu ulichukua," akasema. "Moyo wangu haukuiba. Nilimchukua ng'ombe wa kitovu cha mwanangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Kwenye neno "kitovu" askari wa mlangoni akacheka, na inspekta aliyeendesha mashtaka akapekua faili yake kutafuta kitovu. Hakimu hakucheka. Aliandika yote, kisha akaniuliza, "Ng'ombe wa kitovu ni nini, karani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mama yangu alinifundisha mambo hayo kabla sijajua kusoma. Lakini karani, maana ndivyo mahakimu walivyotuita wakalimani, si shahidi. "Mheshimiwa," nikasema, "naomba aulizwe yeye."

Akaulizwa. Akaeleza kwamba kwao mtoto wa kiume akizaliwa, hutajiwa mtamba, jike ambaye bado hajazaa, mbele ya watu, ng'ombe wa handura, yaani wa kitovu. Mtamba huyo atalala zizini pamoja na ng'ombe wa baba, atachungwa nao, lakini ni wa mtoto, na kila atakachozaa ni cha mtoto. Hakuna anayemuuza, hata baba mwenyewe. Hakimu akaandika polepole, kisha akatangaza kwamba ameandika kuwa mshtakiwa amekana shtaka, kesi isikizwe. Kabale akashtuka. "Sijakana!" akaniambia kwa ukali. "Nimesema nilimchukua! Msinitie uwongo mdomoni." Nikatafsiri na hilo. Hakimu akamsomea alichoandika, nikakirudisha kwa Kiborana: mkono ulichukua, moyo haukuiba. Akaridhika. Sijawahi kuona mshtakiwa mwingine aliyetaka kukata rufaa kwa sababu ya kuaminiwa.

Sasa kukawa na shida ya ushahidi. Ng'ombe na ndama wake walikuwa vielelezo vya mashtaka, na kielelezo hukaa polisi. Wakafungwa nyuma ya kituo. Asubuhi ya kwanza konstebo mmoja alichukua ndoo akaenda kukamua, akarudi na alama ya kwato kwenye paja. Wa pili akarudi na ndoo peke yake, nayo imepondeka. Mnyama akaanza kuvimba kiwele na kulia hata inspekta akawa haandiki. Ikabidi amtumie ujumbe Kabale, ambaye alikuwa nje kwa dhamana, aje amkamue ng'ombe anayeshtakiwa kumwiba. Kabale akaja. Alimsugua shingo, akamwimbia kidogo, na maziwa yakashuka. Lakini hakuyachukua. Alisema ameitwa kukamua, hakuitwa kunywa, na mpaka korti iseme yeye hatagusa tone. Inspekta, ambaye kumbe alikuwa na moyo, alileta jambo hilo mbele ya hakimu, na hakimu akaamuru maziwa ya kielelezo yapewe mtoto. Tangu siku hiyo mtoto alipita polisi kabla ya shule na kikombe chake cha bati. Mama Nkirote naye akaja kuuliza kama kielelezo kinauza maziwa.

Siku ya kusikizwa ikafika, na Dida akapanda kizimbani. Alikuwa mtu mkubwa aliyekondeshwa na ukame, koti limebaki na ukubwa wa zamani. Alishika Kurani kwa mikono miwili akaapa. Ushahidi wake ulikuwa mfupi. Ng'ombe alizaliwa zizini kwake. Alichungwa na watu wake. Mifugo yote ya baba yao iko chini yake kama mkubwa. Mjane wa ndugu yake alimtoa bila ruhusa, majirani wakitazama. Yote yalikuwa kweli, na nilimtafsiria bila kuongeza wala kupunguza, huku roho yangu ikiwa chini ya viatu.

Hakimu akamgeukia Kabale. Ilikuwa zamu ya lile neno linaloitwa "cross-examination", yaani mshtakiwa kumhoji shahidi. Mnajua linavyowashinda watu. Badala ya kuuliza, wanaanza kuhadithia, hakimu anawakata, wanakaa kimya, inaandikwa kuwa hawana maswali. Lakini Kabale hakuhadithia. Alijivutia shuka usoni, akageuka, akaukabili ukuta, mgongo kwa shahidi na nusu mgongo kwa korti.

Inspekta akasema huo ni utovu wa heshima. Mimi nilijua ni heshima iliyozidi. Kwao mwanamke hatamki jina la kaka mkubwa wa mumewe, wala hamkabili kwa maswali mbele ya watu. Afadhali afungwe. Na hakimu alikuwa tayari ameweka kalamu kwenye karatasi kuandika kwamba hana maswali. Nilikunywa maji.

"Muulize," hakimu akasema, kalamu bado ikiwa hewani, "ana swali kwa shahidi huyu, au hana?"

Nikamuuliza. Akajibu akiuambia ukuta, "Ninalo. Lakini huyo ni mkubwa wa baba ya mwanangu. Mdomo wangu hauwezi kumkabili."

Nikatafsiri. Hakimu akalaza kalamu. Akaniuliza jambo ambalo sijasahau.

"Na wewe, karani, mdomo wake unaweza kukukabili?"

Nikampelekea Kabale swali. "Karani?" akasema. "Karani ni mtu wa kazi."

Korti ikacheka, na mimi nikacheka. Inspekta akasimama kupinga. Alisema shahidi ni Mborana na mshtakiwa ni Mborana, wanaelewana, hapa ukalimani wa nini? Hakimu akamjibu kwa upole kwamba kazi ya mkalimani ni kuwafikishia watu maneno yasiyoweza kufika yenyewe, na kwamba haya ni maneno ya namna hiyo. Akaniambia niendelee.

Hivyo nikafanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Kabale alisema swali lake kwa Kiborana, akiukabili ukuta. Nilimpa hakimu kwa Kiingereza. Kisha nikamgeukia Dida, nikamwambia kwa Kiborana kilekile maneno aliyokwisha kuyasikia. Naye alingoja nimalize ndipo ajibu. Na akijibu, hakujibu kwa kumtazama shemeji yake. Alinijibu mimi, nami nikampelekea mwanamke aliyekuwa hatua chache kutoka kwake.

"Muulize, siku mwanangu alipozaliwa, baba yake alikuwa wapi."

"Alikuwa safarini. Alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani."

"Muulize, basi nani alisimama mahali pa baba yake, mbele ya watu, akataja mtamba wa handura."

Mabati yalilia juu yetu. Dida aliitazama Kurani pale mezani ilipokuwa, kitambaa chake cha kijani kikiwa bado kimefunguliwa. Ningeweza kulirudia swali kwa sauti ya juu zaidi, kama mnadani, lakini nilikumbuka vitunguu vya Rapsu na ile salamu, nikamngoja.

"Mimi," akasema. "Nilisimama mimi."

"Muulize ni mtamba gani aliyemtaja."

"Ni huyo. Huyo aliye nyuma ya polisi. Alikuwa mdogo, mweupe begani."

"Muulize alimtaja kwa ajili ya nani."

"Kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu."

Hakimu alikuwa akiandika. Kabale hakuwa na swali jingine, na inspekta hakutaka kuuliza lolote. Lakini Dida hakushuka. Akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Waambie wote. Ng'ombe wangu walikwisha. Watoto wangu walikuwa wakilala bila kitu. Nilitaka kumuuza ninunue mahindi. Nilipoona zizi halina mnyama, niliona aibu mbele ya majirani, nikaenda polisi. Wakati ule sikujiona mbaya." Niliyatafsiri kwa Kiingereza sentensi moja moja, na katikati nikaomba ruhusa ya kunywa maji. Karani hatakiwi kulia. Siku ile mheshimiwa naye, kama yule wa siku yangu ya kwanza, alijifanya anatafuta kalamu, kwa hiyo nadhani tulikuwa wawili.

Uamuzi ulitolewa siku hiyohiyo. Hakimu alisema kuna kitu katika sheria ya Kiingereza kinaitwa "claim of right". Mtu akichukua kitu akiamini kwa moyo wa kweli kwamba ni haki yake, mkono wake umechukua lakini huyo si mwizi. Na hapa, akasema, shahidi wa mashtaka mwenyewe ameiambia korti kwamba mshtakiwa aliamini hivyo kwa sababu nzuri. Kesi haina miguu ya kusimama. Mshtakiwa aachiliwe, na vielelezo arudishiwe. Nilimfikishia Kabale kwa maneno aliyoyatumia yeye mwenyewe, mkono na moyo. Aliinamisha kichwa. Mtoto wake akatoka benchini mbio bila kungoja karani.

Hizo ndizo maana za maneno, nanyi mnaweza kuziandika. Lakini kilichonifanya niwaandikie ni kilichotokea nje.

Tulipotoka barazani jua lilikuwa limesimama utosini. Askari alileta ng'ombe na ndama mbele ya korti, kamba mkononi, akiwa mbali na kwato. Kabale akapokea kamba. Dida alikuwa amesimama kwenye nguzo, mikono mirefu ndani ya koti lile kubwa, hajui aende wapi. Nilikuwa napita kwenda kwa Mama Nkirote. Kazi yangu ilikuwa imekwisha.

"Karani," Dida akaniita. "Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Mwambie yule mama," akasema, akitazama chini, "mwambie nimekosa."

Kabale alikuwa hapo, mgongo wake kwetu, mkono kwenye shingo ya ng'ombe. Alikuwa amesikia kila neno. Nilisimama kati yao, pale mahali pangu, si karibu na huyu wala na yule, nikamwambia kwa Kiborana, "Anasema amekosa."

Hakugeuka. Aliendelea kumsugua mnyama shingo kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie leo jioni nitakamua. Awalete watoto wake waje wanywe."

Nikamgeukia Dida. Macho yake yalikuwa yamejaa tayari. Alikuwa ameshasikia, lakini alisimama wima, akangoja nimwambie.